Siku Nne za Maziwa: Sikukuu ya Brigid Huko Kildare

Ijumaa, 31 Januari 2025

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nikalala kwa saa nne tu, kisha nikabeba begi hadi stesheni ya Heuston. Kildare si mbali na Dublin. Kwa treni hata saa moja haitimii. Huu ni mwaka wangu wa tano Ireland, nauguza katika makao ya wazee, na kila Machi 17 nimeona barabara zikifurika watu waliovaa kijani kwa ajili ya Mtakatifu Patrick. Hii sikukuu nyingine, ya Mtakatifu Brigid, nilikuwa naijua kwa kalenda tu. Siku yake hasa ni Februari 1, lakini tangu 2023 serikali imetoa mapumziko ya Jumatatu ya kwanza ya Februari kwa heshima yake, na ndiyo sikukuu ya kwanza ya taifa hapa kupewa jina la mwanamke. Mwenzangu wa zamu aliniambia mwezi uliopita, "Njoo kwa mama yangu uone inavyoliwa." Hilo neno, inavyoliwa, ndilo lililonivuta.

Baada ya Newbridge treni inapita kando ya uwanda wa Curragh, karibu hekta 2,000 za nyasi zisizo na uzio, kondoo wametapakaa kila upande. Wenyeji wanasimulia kwamba Brigid alimwomba mfalme wa Leinster ardhi ya kujenga nyumba ya watawa, mfalme akakataa. Akamwambia, basi nipe kiasi kitakachofunikwa na joho langu. Mfalme akacheka, akakubali. Joho lilipotandikwa likakua, likakua, mpaka likafunika uwanda wote huu. Mimi nimezaliwa Uasin Gishu, Kenya, katika jamii ambayo mtu hupimwa kwa malisho yake, na hadithi hiyo niliielewa bila kuelezwa mara mbili.

Mwenzangu alinipokea kwa gari. Njiani tulipita miti iliyong'oka mizizi juu, mingine imekatwa vipande na kusukumwa kando ya barabara. Ni kazi ya dhoruba Éowyn, iliyopiga Ijumaa iliyopita. Kule Mace Head, pwani ya Galway, upepo ulifika kilomita 183 kwa saa, na nyumba na biashara 768,000 zilikosa umeme nchi nzima. Hapa Kildare umeme ulirudi mapema. Mdogo wake mama mwenye nyumba, aliyeolewa Mayo, bado yuko gizani siku ya nane leo.

Mama wa mwenzangu ana miaka 81. Nilishindwa kumwita kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya wao, ulimi haukukubali, nikamwambia kwetu Wakalenjin mwanamke wa umri wake ni Kogo, bibi. Akalirudia mara tatu kulionja, akasema limemkaa. Basi ni Kogo tangu saa ile.

Kogo alitupa chai kabla hatujavua makoti. Chai ya hapa ni nzito, nyekundu kama udongo wa kwetu, maziwa yanatiwa mwisho kikombeni badala ya kuchemshwa pamoja. Waireland ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa chai duniani, na majani yao mengi hutoka Afrika Mashariki, hasa Kenya. Nilipomwambia kwamba huenda majani yaliyo ndani ya birika lake yalichumwa Kericho au Nandi, mwendo wa saa chache kutoka nyumbani kwetu, alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umekuja kunywa chai yenu nyumbani kwangu."

Jua hapa siku hizi linatua karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tulitoka haraka kwenda bondeni kung'oa nyasi za misalaba. Kwa Kiayalandi zinaitwa luachair. Huota penye maji: bua la mviringo lisilo na majani, la kijani kibichi, lenye ncha kali, na ukilipasua ndani mna sponji nyeupe. Mimi nilitoa kisu. Kogo akanishika mkono. Hazikatwi, zinang'olewa. Unalishika bua karibu na tope, unavuta taratibu bila kulikunja, nalo linatoka kwa sauti kama ya kidole kinachoteleza kwenye kioo, na mwisho wake wa chini ni mweupe kama kitunguu. Tulijaza mikono. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa baridi.

Kogo si mzaliwa wa Kildare. Alilelewa Donegal, kaskazini-magharibi, akaletwa huku na ndoa, na desturi ya usiku huu ni ya kwao. Giza lilipoingia, mjukuu wake wa kike wa miaka kumi alijitwika shali kichwani, akatoka nje na fungu la nyasi zile, akaizunguka nyumba mara tatu. Sisi tulikaa ndani kimya, mlango umefungwa. Kila alipofika mlangoni aligonga, akaita kwa Kiayalandi maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: pigeni magoti, fumbueni macho, mkaribisheni Brigid aingie. Mara ya tatu waliokuwa ndani wakajibu, karibu, karibu mama mtukufu, mlango ukafunguliwa kwa upana wake wote, baridi ikaingia pamoja naye. Mtoto akaziweka nyasi chini ya meza. Kogo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na magoti yake nayajua, mwenzangu ameniambia lililo bovu ni lipi. Nami nilipiga.

Kisha chakula, na nyasi zikiwa pale pale miguuni petu. Leo ni Ijumaa, Kogo hali nyama, kwa hiyo meza ilikuwa ya viazi, kabichi, maziwa, siagi na mkate. Nitaeleza viazi. Vilichemshwa na maganda yake. Kogo alivimenya vikiwa vinafuka moshi, kila kimoja amekichoma kwa uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, ganda likitoka jembamba kama karatasi. Kwenye sufuria ndogo maziwa yalikuwa yakichemka polepole na majani ya vitunguu. Kwenye nyingine, kabichi iliyokatwa nyembamba. Aliviponda viazi vikavu kwanza, mpaka bonge la mwisho likaisha, ndipo akamimina maziwa ya moto kidogo kidogo, akakoroga kwa mwiko mpaka vikawa laini, akachanganya kabichi. Akapakua kilima kwenye kila sahani, akabonyeza kijiko katikati pakawa na shimo, akatia siagi shimoni. Huliwa kuanzia pembeni, kila kijiko kikichovywa kwenye kidimbwi cha siagi iliyoyeyuka, na ukingo haubomolewi mpaka mwisho. Wanaita colcannon. Aliyekula mukimo, viazi vya kuponda na mboga vya Kenya, hatapotea hapa, ila mukimo hauna shimo la siagi, na sasa naona huo ni upungufu wa mukimo.

Kulikuwa na sahani moja zaidi mezani, kiti chake kitupu. Ya Brigid. Hakuna aliyeieleza, hata mtoto hakuigusa.

Baada ya kula meza ilifutwa, nyasi zikatolewa chini yake, tukasuka misalaba. Bua moja linasimama. La pili linakunjwa katikati, linalikumbatia lile la kwanza, linavutwa. Unageuza robo mzunguko, unakunja la tatu juu ya la pili, unageuza, la nne juu ya la tatu. Kidole gumba hakitoki katikati. Kikitoka, yote yanafumuka. Baada ya mabua ishirini na kitu katikati pamejitokeza mraba uliosukika kama mkeka, na mikono minne inatoka pembeni, kila mmoja umepishana kidogo na mwenzake kana kwamba msalaba unazunguka. Unafunga ncha nne kwa uzi, unakata zilizozidi. Mwireland yeyote mwenye umri anaujua umbo hili hata kama hajawahi kulisuka, maana kwa zaidi ya miaka 30 lilikuwa nembo ya televisheni ya taifa. Kogo alisuka pia mmoja wa mikono mitatu. Huo ni wa zizini.

Mwisho kabisa alitoa kitambaa cheupe cha kitani, akakitundika nje kwenye kichaka, kilale huko. Inaaminika Brigid hupita usiku huu na kukigusa, na kuanzia hapo kitambaa kinakuwa dawa ya kichwa na koo mwaka mzima. Kwenye kizingiti cha dirisha aliacha kipande cha mkate na siagi, na kando yake konzi ya nyasi kavu, kwa sababu Brigid hatembei peke yake. Ana ng'ombe wake, mweupe mwenye masikio mekundu, aliyemnyonyesha utotoni.

Nimelala chumba cha juu. Naandika haya nikiwa na glavu.

Jumamosi, 1 Februari

Mkate haukuwapo asubuhi. Nyasi kavu zilikuwa zimetawanyika. Mjukuu alinionyesha kwa kidole, uso wake umejaa, na hakuna mtu mzima aliyetaja ndege wala paka.

Kildare, Cill Dara, maana yake ni kanisa la mwaloni. Tulianza kanisa la parokia ambapo kuna kipande kidogo cha mfupa wa Brigid. Kilirudishwa Januari 2024, katika mwaka wa kuadhimisha miaka 1,500 tangu kifo chake, baada ya mabaki yake kuwa mbali na mji huu kwa takriban miaka elfu moja. Foleni ilikuwa ndefu, ya wazee na akina mama wenye vigari vya watoto. Mbele yangu mzee mmoja alivua kofia hatua kumi kabla ya kufika.

Kanisa kuu la zamani, la mawe ya kijivu, liko juu ya kilima na ni la Waanglikana. Pembeni mwake unasimama mnara wa mviringo wa mita 33 hivi; ulikuwa umefungwa, tukautazama kutoka chini. Mimi nilivutwa na kitu kidogo zaidi: msingi wa chumba cha mawe, ukuta wake haufiki kifuani, mahali ambapo watawa wa Brigid wanaaminika walitunza moto. Gerald wa Wales, kasisi aliyepita hapa karne ya 12, aliandika kwamba watawa 19 walipokezana zamu za usiku kuulinda, na usiku wa 20 walimwachia Brigid mwenyewe. Asubuhi kuni zilikuwa zimeungua na moto uko hai. Majivu, anasema, hayakuwahi kuongezeka. Mimi ni mtu wa zamu za usiku. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu, nikiwaza yule wa usiku wa 19 anavyoinuka, anayapangua makaa, anasema "Brigid, moto wako huu," anakwenda kulala.

Moto ule ulizimwa karne nyingi zilizopita. Mwaka 1993 masista wa shirika la Brigid waliuwasha upya katika uwanja wa soko, na sasa wanautunza katika nyumba yao ya Solas Bhríde pembezoni mwa mji. Ni mwali mdogo tu wa taa. Tulikaa mbele yake dakika kadhaa. Sista mmoja alipita kutusalimia, akaniuliza natoka wapi, na nilipotaja Kenya akaanza kunihesabia watawa wenzake wa mashirika mbalimbali waliowahi kufundisha kule. Ni kweli, nusu ya watu wa rika la mama yangu walifundishwa na Mwireland mmoja au mwingine. Shule ya wavulana ya Iten, waliyopita wanariadha wengi wa dunia, inaitwa St. Patrick's, na Bruda Colm O'Connell, Mwireland, yuko pale tangu 1976.

Kisha kisimani. Kuna kisima chenye sanamu ya shaba ya Brigid ameshika mwali, maji yanapita chini ya upinde wa jiwe, na mti wa karibu umefungwa vitambaa vya kila rangi, kila kimoja ni haja ya mtu. Kando yangu mwanamke mmoja alikuwa akisali rozari. Upande wa pili kijana mwenye nywele za zambarau amesimama kimya, macho kafumba. Watu hapa wanabishana sana kama Brigid huyu ni mtakatifu au ni mungu wa kike wa zamani, aliyekuwa na jina hilo hilo na siku hiyo hiyo kabla Ukristo haujafika. Mimi ni Mkatoliki na nilikuja kwa mtakatifu. Lakini maji yale yalikuwa baridi ile ile kwa wote watatu, na kila mmoja alimpisha mwenzake.

Alasiri ilikuwa ya siagi. Kogo alikuwa ameweka malai ya siku tatu mahali pa baridi, yakaanza kuchachuka. Tuliyatia nusu katika chupa kubwa ya mdomo mpana, tukapokezana kuitikisa, dakika kumi kumi. Kwanza inasikika kama maji. Halafu inakuwa nzito, mkono unahisi kama chupa imejaa, sauti inapotea kabisa, na mtoto akasema imeharibika. Kogo akamwambia endelea. Ghafla kitu kikaanguka ndani, puu, na sauti ya maji ikarudi: siagi imejitenga. Chembe za njano, saizi ya punje za mtama, zinaelea katika maziwa mepesi ya samawati. Alizichuja, akaziosha kwa maji ya baridi mara tatu mpaka maji yakatoka safi, kwa sababu tone la maziwa likibaki ndani siagi itachacha, akatia chumvi na kulikanda bonge kwa vibao viwili vya mbao.

Hapo ndipo alinisimulia kisa ambacho sikukijua. Mama yake Brigid alikuwa mtumwa, mkamuaji wa ng'ombe wa bwana mwingine. Brigid alipokwenda kumsaidia, kila alipotengeneza siagi aliigawa mafungu kumi na mawili, na la kumi na tatu kubwa kuliko yote, akawapa maskini. Bwana alipokuja kukagua akakuta ghala halipungui. Kwa kisa hicho mama yake aliachiliwa huru. Nimekua nikisikia juu ya watakatifu wa vita, wa jangwani, wa vitabuni. Huyu ni mtakatifu wa binti anayeshika mpini wa kazi ya mama yake.

Nilimweleza Kogo kuhusu mursik. Kwamba mama yangu husafisha kibuyu, hukisugua ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet mpaka kiwe na harufu ya moshi, anatia maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, anafunika, anasubiri siku kadhaa. Kwamba yakimiminwa yana rangi ya kijivu kidogo ya mkaa. Kwamba wanariadha wetu wakirudi na medali ndiyo wanayopokelewa nayo uwanja wa ndege. Kwamba nyumbani hakuna mtoto anayeruhusiwa kuruka kibuyu cha maziwa. Alisikiliza akikanda. Kisha akanimiminia kikombe cha maziwa yaliyobaki baada ya siagi, bláthach, yenye vijichembe vya njano juu. Yalikuwa machachu kwa mbali, baridi, mepesi. Tangu nihamie huku nimenunua maziwa kwa pakiti kama sabuni. Leo nilikunywa maziwa nikiwa nimeketi, mtu akinitazama kuona kama nimeyafurahia.

Maziwa hayo hayo ndiyo yanayoinua mkate wao. Unga, chumvi, magadi kidogo, na maziwa machachu: asidi ikikutana na magadi gesi inatoka papo hapo, kwa hiyo hukandi, unakusanya tu kwa vidole na kuutia kwenye oveni kabla pumzi haijaisha. Kogo alikata msalaba mzito juu, mpaka karibu na chini, ili katikati paive. Tuliula wa moto, siagi mpya ikayeyuka hadi kwenye viganja.

Jioni mwenzangu alinipeleka baa mjini. Kwenye kona watu walikuwa na zeze na akodiani, si onyesho, wamekaa tu duara wanapiga. Niliagiza nusu painti ya bia nyeusi. Mhudumu huinamisha glasi, anaijaza robo tatu, anaiacha juu ya kaunta. Hapo tazama kwa makini: povu la kahawia linashuka, vipovu vidogo vinateremka ukutani mwa glasi badala ya kupanda, huku katikati vikipanda, mpaka taratibu weusi unatulia chini na malai yanabaki juu. Ndipo anamalizia. Anayeikimbilia kabla ya hapo hutazamwa vibaya. Arthur Guinness mwenyewe ni mtu wa kaunti hii. Alianza kupika bia Leixlip kabla ya kukodi kiwanda cha Dublin mwaka 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka.

Na Brigid yumo humo pia. Cogitosus, mtawa aliyeandika maisha yake karne ya 7, anasimulia kwamba wenye ukoma walimwomba bia naye hakuwa nayo, akayabariki maji yaliyotayarishwa kwa ajili ya kuoga yakageuka bia. Kuna shairi la kale linaloitwa lake, ambamo anatamani awe na ziwa zima la bia kwa ajili ya Mfalme wa wafalme, watu wa mbinguni wanywe milele. Mwanzoni liliniondoa kidogo kwenye utulivu wangu wa kanisani. Nilipolitafakari nikaona ni ukarimu ule ule wa siagi, umebadilisha chombo tu.

Jumapili, 2 Februari

Saa nane usiku kaka yake mwenzangu aligonga mlango wangu: mtamba anazaa, kama nataka kuona. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia. Zizini kulikuwa na taa moja, mvuke wa pumzi za ng'ombe, na juu ya mlango, msalaba wa mikono mitatu wa jana juzi. Alihitaji kusaidiwa kidogo kwenye mabega. Kaka alivuta kwa kamba, mimi nilimfuta ndama pua na mdomo kwa majani makavu mpaka akapiga chafya. Jike. Alisimama kabla ya saa moja kwisha, miguu ikitetemeka.

Ndipo nikaelewa sikukuu hii iko hapa kwa nini. Mashamba mengi ya maziwa Ireland hupanga ng'ombe wazae kuanzia mwisho wa Januari na Februari, ili maziwa yakutane na nyasi za majira ya kuchipua. Kipindi cha baridi hawakamuliwi. Zamani, kabla ya friji na malori, nyumba nyingi zilipitisha wiki kadhaa bila maziwa mabichi. Kisha inakuja Februari 1, kondoo wa kwanza wanajaa kiwele, ng'ombe wanafuata, na siagi inarudi mezani. Wale watu walipiga magoti mlangoni kukaribisha maziwa.

Dang'a lilikamuliwa kwa ajili ya ndama, zito na la manjano kama yai. Kogo alisema alipokuwa mtoto Donegal, likizidi lilipelekwa kwa majirani wasio na ng'ombe aliyezaa. Mama yangu hufanya hivyo hivyo hadi leo.

Kanisani leo ilibarikiwa mishumaa, ndiyo desturi ya Februari 2. Kogo alibeba kumi na miwili, ya mdogo wake wa Mayo. Alimpigia simu kutoka kwenye gari. Bado hana umeme, anapika kwa jiko la gesi ya mtungi, kuku wake wawili wamefunikwa na bati lililopeperuka kutoka kwa jirani, wazima.

Mchana wote nililala.

Jumatatu, 3 Februari

Siku yenyewe ya mapumziko, barabara tupu. Asubuhi Kogo alinichukua ghalani. Kwao, alisema, ukiamka baada ya Brigid unakwenda kuangalia akiba: nusu ya viazi na nusu ya nyasi kavu lazima iwe bado ipo, maana nusu ya baridi ndiyo imepita. Alihesabu marobota kwa kidole, midomo ikisogea. Yalitosha. Ana msemo pia wa Kiayalandi ambao wanasema Brigid mwenyewe aliutamka: kuanzia siku yangu, kila siku ya pili itakuwa nzuri. Nje palikuwa na manyunyu. "Hii ndiyo ile nyingine," akasema.

Tulipita kanisani kwa sababu leo ni Mtakatifu Blaise, wa makoo. Padri aliweka mishumaa miwili iliyopishanishwa chini ya kidevu cha kila mtu na kumwombea koo lake.

Kwenye stesheni alinipa mfuko. Msalaba umefungwa kwenye gazeti. Bonge la siagi kwenye karatasi ya nta. Chupa ya bláthach. Na ukanda wa kile kitambaa cheupe, upana wa vidole viwili, ameurarua mwenyewe kwa meno na kunisokotea kiganjani bila kusema kitu. Nikamwambia "Sere, Kogo." Nilikuwa nimemfundisha kwamba ndivyo tunavyoagana.

Nimefika Dublin saa kumi. Msalaba uko juu ya mlango kwa ndani. Nilisonga ugali, nikatia siagi katikati kama walivyofanya kwenye viazi, nikala na bláthach, kisha nikampigia mama. Nilimwonyesha msalaba kwenye kamera, akasema ni kazi nzuri ya mkono. Nikamwonyesha siagi. Akataka nimweleze ng'ombe wale ni wangapi, nikamwambia arobaini na kitu. Wana rangi gani? Weusi na weupe. Wanalala nje? Nikamwambia hapana, tangu Novemba wako ndani, wanakula saileji.

"Tangu Novemba?" mama akasema. "Hawajaona nyasi?"

Nikamwambia bado wiki chache.

Akanyamaza. Nilisikia kuku wake nyuma, na mtu akiita kwa mbali. Kisha akaniuliza kama yule bibi ana simu.

"Anayo, mama."

"Siku watakayotolewa nje," akasema, "mwambie akupigie. Na wewe unipigie mimi."